Laini ya Kabondo

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kazi ya kukaa, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka shule ya ufundi na cheti cha umeme, mwanamke peke yangu katika darasa letu, na baadaye mwanamke peke yangu katika chumba cha kuendeshea umeme wa Kisangani. Kila asubuhi, hata wenye zamu ya mchana, tulisimama mbele ya bendera tukaimba na kupiga makofi kama wafanyakazi wote wa Zaire walivyotakiwa. Kisha mimi nilirudi nyumbani Kabondo, nikala, nikarudi tena kazini kwa miguu kabla ya saa nane. Kuanzia hapo hadi saa mbili usiku nilikuwa kwenye kiti, mbele ya ukuta wa saa na vipimo.

Kipimo kimoja ndicho kilichotutawala. Sindano yake ilitakiwa isimame kwenye hamsini. Ikisimama hapo, maana yake umeme unaotoka mtoni unalingana na umeme ambao mji unautumia. Mji ukitumia kuzidi, mashine zinachoka, zinazunguka polepole, na sindano inashuka. Ikishuka sana, mashine zinajizima zenyewe na mji wote unabaki gizani. Basi kazi yetu ilikuwa kuitazama, na ikianza kushuka, kukata mtaa mmoja ili mingine ipone. Sikuwahi kuegemea kiti kile. Nilikaa kwenye ukingo wake, na magoti yangu yalikuwa yakicheza chini ya meza bila mimi kuyaamuru.

Mwaka ninaousimulia, mvua zilichelewa. Mto ulishuka hadi mawe ambayo hatukuwahi kuyaona yakatokea, na mashine moja ilikuwa imefunguliwa, vipande vyake vimetandazwa chini, ikisubiri kipuri kutoka ng'ambo. Mchana tulipita salama. Lakini saa kumi na mbili jioni, jua likianza kuzama, mji mzima ulikuwa ukiamka kwa pamoja. Kule Makiso, katikati ya mji, nyumba kubwa zilizoachwa na Wazungu ziliwasha majiko ya umeme, viyoyozi na boiler za maji ya kuogea. Huku kwetu Kabondo, na Mangobo, na mtaa wa Tshopo, watu waliwasha réchaud, yale majiko madogo ya udongo yenye waya unaowaka mwekundu, ambayo mafundi wa sokoni walikuwa wakiyatengeneza. Wengine walipiga pasi. Vinu vya kusaga muhogo vilinguruma. Sindano ikaanza kuteremka.

"Kata Kabondo," alisema mkuu wa zamu.

Nikakata Kabondo. Ilikuwa swichi yenye mpini mweusi, nzito kidogo, na ilitoa sauti kama mlango wa chuma unaofungwa kwa hasira. Sindano ikapanda. Mkuu wa zamu akaandika saa kwenye daftari.

Kulikuwa na orodha ya mitaa ya kukatwa. Ilikaa ndani ya droo, na ufunguo wa droo ulikaa mfukoni mwa mkuu wa zamu. Orodha ile ilikuwa siri. Tuliambiwa kwamba mtu akijua saa ya giza anaweza kupanga ubaya, lakini sisi wote tuliokuwa chumbani tulijua sababu nyingine. Katika orodha ile Makiso haikuwamo. Kabondo ilikuwa na siku nne kwa wiki.

Mama yangu alikuwa mkunga katika nyumba ya uzazi ya Kabondo. Alikuja Kisangani kutoka Maniema akiwa bado msichana, akifuatana na kaka yake mwalimu, na tangu hapo alikuwa amewapokea watoto wengi kiasi kwamba hatukuweza kwenda sokoni bila mtu kumsimamisha. Alinilea peke yake, baba alipofariki mimi nikiwa mdogo. Alijua kwamba nafanya kazi ya umeme. Kazi yenyewe ni nini hasa hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumweleza.

Asubuhi moja alirudi kutoka zamu yake nikiwa naosha vyombo uani. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akatazama miguu yake.

"Mama, iko nini?"

"Jana jioni nilikuwa na mama mumoja, mutoto anatoka na miguu mbele," alisema. "Katikati ya kazi courant ikaenda. Mikono yangu iko ndani, sioni kitu. Nikaita lampe. Lampe haina petroli. Bon. Nikafanya na vidole tu, kama kipofu."

"Na mutoto?"

"Iko mzima. Mama yake iko mzima. Ni miye tu haiko mzima." Akanyoosha mikono yake mbele yangu. "Nani anakataka ile courant?"

Ningeweza kusema ni wakubwa. Ningeweza kusema ni mashine. Nilikuwa na sahani mkononi, na nakumbuka niliiweka chini taratibu kana kwamba ingeweza kuvunjika kwa maneno.

"Ni miye, mama."

Kuku wa jirani aliingia uani akatoka.

"Weye?"

"Wananiambia kata, ninakata. Kwa mukono hii."

Nilisubiri hasira yake. Mama alikuwa na hasira ya haraka, yenye kelele, na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Donc unajuaka saa?"

"Najua tangu saa nane. Mkuu anatusomea orodha tukiingia."

"Bon. Utaniambia mbele."

"Mama, haiwezekani. Iko siri."

"Giza sio shida yangu," alisema akiinuka. "Nimezalisha wamama kwa moto ya kuni, nimezalisha kwa mbalamwezi. Shida yangu ni kutojua. Nikijua, natengeneza lampe, nachemsha vyuma mapema, naita musaidizi wa pili. Unaniambia."

Siku nne sikumwambia. Siku hizo nilizunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Nilitoka nyumbani mapema bila sababu, nikapita sokoni bila kununua, nikafika kazini kabla ya wote. Chumbani nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, hadi mkuu wa zamu akaniuliza kama nina ugonjwa wa tumbo. Jumatano alisoma orodha, na Kabondo ilikuwamo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani. Nje ya uzio alikuwa amesimama mama muuza mikate, jirani yetu, akielekea nyumbani na beseni lake tupu. Nikamwambia: "Mwambie mama yangu, leo saa kumi na mbili na nusu." Hakuuliza ni nini. Labda alidhani ni habari ya chakula.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila siku ya Kabondo, mama muuza mikate alipita, nami nilimtajia saa tu, bila neno jingine.

Mama hakumwambia mtu. Baadaye aliapa mbele yangu, na ninamwamini. Lakini majirani wana macho. Waliona kwamba siku nyingine mkunga anachemsha vyuma vyake saa kumi mchana, anajaza petroli kwenye taa, anapika makemba yake, zile ndizi za kupika, kabla ya watoto kutoka shuleni, na jioni ile ile umeme unaondoka. Siku nyingine hafanyi haraka yoyote, na umeme unabaki. Haikuchukua wiki tatu. Moshi wa jiko letu ukitoka saa tisa, wanawake wa barabara nzima walikuwa wanawasha réchaud zao saa tisa. Mwenye kinu aliwaambia wateja wake waje mapema. Aliyekuwa na pasi alipiga pasi mchana. Na kwa kuwa walikuwa wamemaliza mapishi, umeme ulipoondoka waliacha réchaud zao zimezimwa.

Hilo la mwisho sikuliona Kabondo. Niliona ukutani, kazini. Kurudisha mtaa kulikuwa ugomvi mkubwa kuliko kuukata. Ukirudisha umeme saa mbili, kila jiko lililoachwa limewashwa linadai umeme kwa wakati mmoja, sindano inaporomoka, na unalazimika kukata tena. Mangobo tulikuwa tukiirudisha mara tatu ndipo inakubali. Jioni moja nikarudisha Kabondo nikiwa nimekaza meno, mkono bado juu ya mpini. Sindano ilitikisika kidogo, ikasimama. Nikadhani kuna waya umekatika. Nikapiga simu kituo kidogo cha Kabondo, mlinzi akasema taa zote zinawaka.

Nikaanza kuandika. Nilikuwa na daftari la shule, nikalificha ndani ya mfuko wa nguo za kubadilisha. Siku ambazo mama alijua na siku ambazo hakujua, kwa maana kulikuwa na siku muuza mikate hakupita. Jinsi sindano ilivyoshuka, ilichukua muda gani kutulia. Sikumwonyesha mtu. Sikuwa hata na hakika ninaandika kwa ajili ya nini. Ilikuwa njia ya kuipa mikono yangu kitu cha kufanya.

Wakati huo huo mhandisi wetu mkuu alikuwa na wazo lake mwenyewe. Alikuwa mzee wa Kivu Kusini, mwembamba, koti lake la abacost limepauka mabegani, mtu wa kuongea polepole. Mbele ya watu tulimwita Citoyen Ingénieur. Tukiwa wawili nilimwita tonton, yaani mjomba, kwa sababu ndiye aliyenipokea kazini wakati wengine walisema mwanamke atalia akisikia ngurumo za mashine. Siku moja aliniita ghalani. Kulikuwa na masanduku ya mbao yaliyokaa pale miaka mingi, yameliwa na mchwa pembeni. Alifungua moja kwa bisibisi. Ndani, katika nyasi za kufungia, kulikuwa na mita zenye saa.

"Angalia," alisema. "Hii mita inajua saa. Saa kumi na mbili jioni inakata boiler na jiko peke yake. Taa zinabaki. Saa tatu inarudisha. Mutu hagusi kitu."

Nyumba za Makiso zilijengwa hivyo, waya wa boiler na wa jiko mbali na waya wa taa. Tonton alipiga hesabu kwamba tukizifunga mita zile katika nyumba kubwa thelathini, hatutahitaji tena kukata Kabondo wala Mangobo siku nyingi. Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyepata habari kutoka nyumbani. Nilimpenda sana siku ile. Na nilitaka kumwambia habari za Kabondo, za daftari, za mama. Sikumwambia. Nilisema tu, "Tonton, tuanze lini?"

Tulifunga thelathini. Mimi nilipewa kazi ya kuzitunza, na nilifurahi kuondoka kwenye kiti. Kila asubuhi nilipanda baiskeli ya kazini nikazunguka Makiso na bisibisi mkononi na saa ya tonton mfukoni.

Shida ilijitokeza katika siku za kwanza kabisa. Saa zile ziliendeshwa na umeme ule ule. Umeme ukizimika, saa inasimama. Ukirudi, inaendelea pale ilipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Makiso haikuwa kwenye orodha, lakini ilizimika yenyewe kila mara: tawi limeangukia waya, fyuzi imeungua, sindano imeporomoka ghafla kabla hatujakata mtaa wowote. Nyumba moja ikachelewa dakika arobaini, jirani yake saa mbili, ya tatu iliyokuwa na kasoro yake ndani ikachelewa nusu siku. Nikiisahihisha hii, ile imeshapotea. Jioni tulipotegemea boiler thelathini zizime pamoja, zilizima kumi, na nyingine zilizima alfajiri wakati hakuna aliyehitaji zizime.

Nilizunguka asubuhi, nikazunguka tena kabla ya zamu. Mbwa wa Makiso walinijua. Wapishi walinifungulia mlango wa nyuma wakisema, "Mama wa saa amefika." Miguu yangu ilikonda. Nilikuwa nikipanda baiskeli huku nikihesabu nyumba, na nikifika ya mwisho nilikuwa na hakika kwamba ya kwanza imeshakosea.

Mtu mmoja tu hakuniletea taabu. Alikuwa papa mmoja mfanyabiashara wa upande wa Butembo, mwenye ghala la samaki wa barafu nyuma ya duka lake. Tulikuwa tumemfungia mita kwa sababu mashine yake ya baridi ilikula umeme kuliko nyumba tano. Nilitegemea atanifukuza. Badala yake alininunulia soda na akaniuliza ile saa inafanyaje kazi, mpaka akaielewa.

"Kumbe baridi inaweza kungoja," alisema. Alikuwa ametundika kipimajoto ndani ya ghala, na alikuwa amekisoma kila nusu saa kwa siku tatu. "Nikifunga mlango saa kumi na moja, nisifungue, samaki haijui kama courant imeenda. Unikate tangu saa kumi na moja, mama. Lakini asubuhi yote uniachie." Na saa yake aliisahihisha mwenyewe kila siku kwa kengele ya kanisa kuu. Nikaandika hilo pia kwenye daftari.

Nyumba iliyotuangusha ilikuwa ya mkubwa mmoja wa mkoa. Saa yake ilikuwa ile yenye kasoro. Nilikuwa nimeisahihisha Jumamosi. Jumapili umeme ulizimika mara mbili. Jumatatu walikuja wageni kutoka mji mkuu, na mbuzi mzima alikuwa ndani ya jiko la umeme. Saa ikadhani ni jioni. Ilikata jiko saa tano asubuhi, mbuzi akiwa ndiyo kwanza ameingizwa, na mpishi hakujua hadi alipofungua mlango wa jiko saa saba na kukuta mbuzi mbichi, baridi, na wageni mezani tayari wana leso mapajani.

Kesho yake asubuhi walikuja kunichukua kwenye bendera, kabla wimbo haujaisha. Walikuwa watu wawili wapole. Walinipeleka kwenye ofisi ambayo watu wa mji walikuwa wakiizunguka kwa mbali ili wasipite mbele yake. Nilikalishwa kwenye benchi ukumbini. Hakuna aliyenigusa wala kunisemesha. Saa zilipita. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikavihesabu tena kwa upande mwingine. Niliwaza mama akiambiwa.

Saa nane mchana niliingizwa. Ofisa alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani, mezani pake kuna faili moja jembamba.

"Citoyenne," alisema, "nani alikuruhusu kupanga saa ambayo wananchi watapika?"

Nilianza kumweleza habari ya sindano. Nilimwomba karatasi, nikamchorea mlima wa saa kumi na mbili jioni, jinsi tunavyotaka kuuparua juu na kujaza mabonde ya mchana. Alitazama mchoro wangu kwa makini kuliko nilivyotegemea. Kisha akaugeuza juu chini na kuuliza swali la pili.

"Na watu wa Kabondo, nani anawaambia saa ya kukatwa?"

Kumbe mtu alikuwa amejisifu kwenye baa kwamba mtaa wao unajua giza kabla halijaja.

Kabla sijajibu, mlango ulifunguliwa, na tonton akaingia akisindikizwa na mlinzi. Alikuwa ametembea kwa haraka, jasho limelowesha kola yake. Hakuwa ameitwa. Alikuja mwenyewe.

"Citoyen, ile mambo ya mita ni yangu," alisema akiwa bado amesimama. "Huyu binti alifuata amri yangu tu. Mita nilitoa miye, nyumba nilichagua miye."

"Na Kabondo?" ofisa aliuliza.

Tonton alinigeukia. Hakuwa anajua lolote kuhusu Kabondo. Niliona uso wake ukitafuta, ukipita juu ya uso wangu kama mtu anayesoma maandishi madogo, na niliona mahali alipofika mwisho wa kusoma. Ilichukua muda wa pumzi mbili. Huo ndio muda niliokuwa nao wa kusema.

"Kabondo pia ni miye," alisema. "Ilikuwa jaribio."

Nilikuwa na sauti, nilikuwa na maneno, na nilinyamaza. Ofisa akaandika. Jioni ile ile nilikuwa nyumbani, mama akinishikilia mabega na kunizungusha kana kwamba anatafuta pale nilipovunjika.

Tonton alipumzishwa kabla ya wakati wake. Hakufungwa, na watu walisema amebahatika. Mita thelathini zilifunguliwa na kurudishwa kwenye masanduku, isipokuwa ya papa wa samaki, ambaye alisema imepotea. Siku ya kuondoka kwake tonton nilikwenda kumuaga kwenye lori lililokuwa likielekea mashariki. Nilikuwa nimepanga maneno yangu usiku kucha. Lakini ndugu zake walikuwa wengi, mizigo ilikuwa inapandishwa, dereva alikuwa anapiga honi, na mimi nilimpa mkono, nikasema safari njema, nikabaki nimesimama barabarani hadi vumbi likaisha.

Miezi miwili sikuweza kukaa. Ninamaanisha hivyo hivyo. Nilikula nimesimama. Mama aliniambia niende kanisani au msikitini, popote, lakini niache kuzunguka uani. Mwishowe nilikaa kwa sababu ya kuandika barua. Nilimwandikia tonton yote: mama, mtoto aliyetanguliza miguu, muuza mikate, daftari, na zile pumzi mbili ofisini. Nilimwomba msamaha kurasa nzima. Nikampa mfanyabiashara wa maharagwe aliyekuwa akirudi kwao.

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, limekunjwa ndani ya bahasha ya dawa. Lilikuwa fupi. Kuhusu msamaha aliandika mstari mmoja, kwamba ana shamba sasa na mihogo yake haihitaji kibali. Mengine yote yalikuwa maswali. Kabondo ikirudishwa, sindano inachukua sekunde ngapi kutulia? Ni nyumba ngapi zina réchaud? Siku ambazo mama hakujua, tofauti ni kiasi gani? Mwisho aliandika: "Toa nakala ya daftari. Mpe mkuu mpya. Weka jina lako chini, si langu."

Mkuu mpya alikuwa kijana kutoka Kinshasa, aliyezungumza Lingala na sisi na Kifaransa na simu. Niliweka kurasa kumi na mbili mezani pake, nimezipiga chapa kwa kidole kimoja, jina langu chini. Nilisimama koridoni nikaenda huku na huku. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mama apeleke nguo zangu chache kwa jirani, endapo watu wawili wapole wangerudi.

Alitoka akiwa na karatasi mkononi. "Nani akomi oyo?" Nani ameandika hii?

"Ni miye, chef."

"Wewe mwenyewe ulikuwa unawaambia?"

"Ni miye."

Alikuna shingo. Juma lile tulikuwa tumejaribu kurudisha Mangobo mara nne kwa jioni moja, na swichi ilikuwa imeanza kutoa harufu ya kuungua. Nadhani harufu ile ilinitetea kuliko kurasa zangu. Alisema atauliza juu. Aliuliza, wakamjibu, akauliza tena. Baada ya wiki nyingi ikakubaliwa, kwa kujaribu tu, kwamba orodha ya mitaa isomwe kwenye redio ya mkoa kila siku saa saba mchana. Na alipoandika orodha mpya, kwa mara ya kwanza, aliiweka Makiso siku moja ya wiki. Siku moja tu. Lakini niliisoma mara mbili.

Siku ya kwanza mtangazaji alikosea. Aliitaja Lubunga badala ya Kabondo, na watu wa Lubunga, ng'ambo ya mto, walipika mapema bure, wakatukana wiki nzima. Siku ya pili alisoma vizuri. Nilikuwa nikitembea kwenda kazini, nikapita katikati ya mitaa yetu. Redio zilikuwa zimewashwa madirishani, na sauti ile ile ilinifuata nyumba hadi nyumba. Saa saba na nusu, na tayari harufu ya makemba na mafuta ya mawese ilikuwa barabarani. Mwanamke mmoja alikuwa akimwita mume wake kwa sauti aje kula, naye akijibu kwamba hajawahi kula chakula cha jioni jua likiwa utosini. Kwenye kinu foleni ilikuwa ndefu, na mwenye kinu alikuwa akiwagombeza wa nyuma wasiwasukume wa mbele.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya uzazi, akiwa na aproni, amekunja mikono. Aliniona, akanipungia nisisimame, nisichelewe.

"Umesikia?" nilimwuliza kutoka barabarani.

"Nimesikia," alisema. "Yule bwana anasema haraka-haraka sana. Umwambie arudie mara mbili. Wamama wengine wanasikiaka wakiwa na uchungu."

Nikamwambia nitamwambia. Nikaongeza mwendo.